Saa Mbili ya Kidonge

Miaka ile ya hamsini, Mbeya nzima hapakuwa na mtu mweusi aliyeweza kuifungua saa ya mkono ya Mzungu, akaitawanya mezani vipande vipande, akairudisha ikatembea. Palikuwa na mimi peke yangu. Anayebisha aje nimwonyeshe meza yenyewe, ninayo mpaka leo hapa dukani kwangu, na alama za mafuta bado zipo. Shule niliacha darasa la pili. Kusoma nilisoma kwenye nyuso za saa, na hesabu nilifundishwa na meno ya gurudumu. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi na mashine mbili za kusaga, na wenye vyeti wananiamkia wao kwanza. Lakini jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya lilinipata nikiwa bado na meza ile barazani mwa duka la Mhindi, karibu na soko, na nusura niliharibu kwa ujuzi wangu mwenyewe.

Mwaka ule dada yangu alikuwa amelazwa wodi ya kifua. Ni dada wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni, halafu akauza viazi ili mimi ninunue bisibisi yangu ya kwanza. Alikohoa mpaka akabaki mifupa. Ikaja dawa mpya ya kifua, vidonge vidogo vyeupe juu ya sindano alizokuwa akichomwa, na kwa kweli kikohozi kikaanza kupungua, akaanza kula. Ila likazuka jambo jingine.

"Miguu inawaka," aliniambia. "Nyayo zote, kama nimekanyaga majivu ya moto. Blanketi likinigusa nataka kupiga kelele."

"Ni baridi ya Mbeya hiyo, dada."

"Baridi gani inayochoma? Wewe tengeneza saa, ya miguu niachie mimi."

Nikacheka, nikaondoka. Lakini alikuwa hawezi tena kuvaa viatu, na hiyo haikuwa ya kuchekesha.

Wiki ileile akaja mezani kwangu Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, masikio mekundu kwa baridi. Akavua saa yake, akaiweka mbele yangu kama anayeniletea mtoto mgonjwa. Ilikuwa inachelewa. Nikaifungua palepale, nikaona nywele ya saa, ule waya mwembamba unaozunguka ndani, imeshikana kwa mafuta. Nikaisafisha, nikaifunga, nikampa. Alisimama muda wote akiangalia vidole vyangu.

"Wewe ni daktari wa saa," akasema, kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Ndiyo, bwana. Na wewe daktari wa nini?"

"Mimi si daktari wa watu. Watu wana daktari wao. Mimi ninaifuata dawa."

Nikamwambia sijaelewa. Basi akavuta kigoda, akaketi, Mzungu mzima barazani, watu wakasimama kutazama. Akanieleza. Mtu akimeza kidonge, alisema, kila mmoja anafikiri kidonge kimekwenda tumboni basi, mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza safari imeanza. Kinayeyuka, kinaingia kwenye damu, damu inakizungusha mwili mzima, mpaka mapafuni, mpaka kwenye ncha za vidole. Ini linakikamata na kukibadilisha. Figo zinakichuja na kukitoa kwenye mkojo. Yeye kazi yake ni kujua kinaingia kwa kasi gani, kinakaa muda gani, kinatoka lini. Dawa ikitoka upesi mno, ugonjwa unabaki, mgonjwa hajapona. Ikikaa mno, inageuka sumu.

"Ukiijaza saa ufunguo," akaniuliza, "nguvu inaisha mara moja?"

"Hapana. Inalegea kidogokidogo."

"Ndiyo hivyohivyo. Kila baada ya saa kadhaa, nusu imeondoka. Baada ya nyingine kama hizo, nusu ya iliyobaki. Nataka kujua mwili umejazwa wapi na umelegea wapi."

Ndugu msomaji, nywele zilinisimama. Miaka yote nafungua saa, sikuwahi kufikiri kwamba mimi mwenyewe, nimekaa pale na koti langu la kiraka, ndani yangu kuna ufunguo unaolegea! Nilitaka kuona. Nikamwuliza kama wagonjwa wa wodi ya hapa nao wamo. Akasema wamo, wa Mbeya na wa Iringa, na kwamba maabara yake iko Iringa. Alichokosa ni mtu wa Mbeya wa kukusanya mkojo kwa saa kamili, bila kukosea hata dakika tano.

"Umeshampata," nikasema. "Dakika tano? Mimi sikosei hata moja."

Siku ya pili nikaletewa kasha la chupa ndogo, kila moja imebandikwa karatasi. Zilikuwa za wagonjwa kumi, kila mmoja na nambari yake, na kila mmoja chupa tatu: 2, 4, na 6. Dada yangu alikuwa nambari saba. Pamoja na kasha palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu: kusanya saa 2, saa 4, saa 6. Basi, hayo tu. Kidonge chenyewe hakikunihusu, muuguzi aliwapa alfajiri, saa kumi na mbili, kama siku zote. Mzungu alikuwa amesharudi Iringa kufanya vilevile kule kwa msaada wa dresa mmoja mzee, mfunga vidonda wa hospitali.

Nikaitazama ile karatasi. Mtu mwingine angesoma saa mbili, akaenda saa mbili asubuhi, jua likianza kupasha bati. Lakini mimi nilikuwa fundi saa! Nilizoea kuwarekebishia Wazungu saa zao, nikajua mbili yao ni nane yetu. Wao wanahesabu kuanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Karatasi imepigwa na Mzungu, kwa mashine ya Mzungu. Nikajipiga kifua. Hapa, nikasema, mshamba angeingia mkenge. Nikaenda wodini saa nane mchana, saa kumi, na saa kumi na mbili jioni. Kwa dakika, bila kukosea, kama nilivyoahidi.

Muuguzi akaniuliza, "Mbona mchana? Mimi nilidhani asubuhi."

"Ndugu yangu, hiyo ni saa ya Kizungu. Kila mtu na ufundi wake."

Akanipisha kwa heshima.

Ile kazi ilikuwa na vituko vyake. Wazee waliona aibu kumpa mtu mzima mwenzao chupa ya mkojo mkononi, kwa hiyo waliiweka dirishani, wakageukia ukutani, nami nikapita nikachukua kama sijui iliwekwa na nani. Mmoja aliniletea chupa imejaa pomoni. Nikamwambia mstari uko hapa katikati. Akasema, "Chukua tu, fundi, kwangu ipo nyingi." Dada yangu yeye alinikabidhi yake kwa mikono miwili, kwa dhihaka, kama anayempa mkwe zawadi.

"Nilikusafisha utoto wako wote," akasema. "Leo ni zamu yako."

Nikatia matone ya tindikali kama Mzungu alivyoniagiza kwa mdomo, ili mkojo usiharibike, nikapanga chupa kwenye unga wa mbao, nikapandisha kasha kwenye basi la Iringa.

Siku sita baadaye Mzungu akaja na Landrova yake, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa na hata muda wa kusalimu.

"Fundi! Watu wa Mbeya ni tofauti kabisa!"

Watu wa Iringa, akasema, saa mbili baada ya kidonge, dawa tele. Saa sita baadaye, bado ipo. Wa Mbeya, saa mbili tu, dawa karibu imekwisha! Saa sita, hakuna kitu. Miili ya Mbeya inaitafuna dawa kama moto unavyokula majani makavu. Chupa chache zilisuasua, na za mtu mmoja ziligoma kabisa kufuata wenzake, za nambari saba, na hizo amezitupa kwenye hesabu, huenda kwa bahati mbaya ziliingia uchafu.

Nilisimama nikapiga makofi. Soko zima walijua kabla ya jua kuhama. Nikamwambia muuza nyanya, nikamwambia fundi cherehani, nikamwambia Mhindi mwenye baraza: sisi watu wa Mbeya si watu wa mchezo, dawa ya Ulaya ikitugusa inapukutika! Fundi cherehani akasema, "Ndiyo maana hata pombe haitulevyi." Tukacheka mpaka machozi.

Mzungu akaenda kukaa na daktari wa wodi. Wakakubaliana kwamba, kwa kuwa miili ya Mbeya inaitoa dawa upesi hivyo, kidonge kimoja hakitoshi. Kuanzia Jumatatu alfajiri, kila mgonjwa wa wodi ile atapewa viwili.

Nikampelekea dada yangu habari mimi mwenyewe, kwa furaha. Alikuwa ameketi kitandani, miguu nje ya blanketi katika baridi ile, inapigwa na upepo wa mlango.

"Viwili?" akasema. "Kimoja kinanichoma hivi. Viwili si vitanipika?"

"Dada, hesabu imesema. Hesabu haidanganyi."

"Hesabu imenitazama miguu?"

"Umeambiwa na nani kwamba ni kidonge kinachochoma?"

"Nani aniambie? Miguu ni yangu. Ilianza nilipoanza vidonge."

Nikamwona kama mwanamke asiyejua mambo. Nakiri hilo. Nilimwambia avumilie, nikaondoka, maana kulikuwa na safari. Kama zawadi ya kazi nzuri, Mzungu alisema atanichukua Iringa nikaone maabara kwa macho yangu.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, mimi nimeketi mbele, si nyuma na mizigo. Tukashuka, baridi ikabaki mlimani, tukaingia joto la chini. Pale Igawa tukasimama kunywa chai, na mama wa chai akaniuliza mimi ni karani wa nani. Nikamwambia, "Mimi si karani, mama. Mimi ndiye niliyegundua kwamba dawa ya kifua haikai kwenye mwili wa mtu wa Mbeya." Akanitazama, akaniongezea andazi. Njia nzima Mzungu alizungumza. Alisema ataandika barua Ulaya. Alisema pengine ni chakula, pengine ni mwinuko wa nchi, pengine ni damu ya kabila. Nami nikamsaidia kufikiri. Nikasema labda ni ndizi.

Jumamosi asubuhi nikaiona maabara. Ilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya hospitali, lakini mimi niliona ni kama ndani ya saa kubwa. Vioo, mirija, taa ndogo, na kisanduku chenye mshale unaotikisika. Akachukua mkojo wa mgonjwa wa Iringa, akaudondoshea maji ya aina mbili, tukangoja. Ukageuka njano! Mbele ya macho yangu, kutoka kwenye kitu kisicho na rangi. Njano ikiwa nzito, akasema, dawa ni nyingi. Ikiwa hafifu, ni chache. Nilitazama ile njano nikasema kimoyomoyo: ndiyo hii, kidonge kilichomezwa, kimezunguka mwili wa binadamu mzima na kimetoka upande wa pili kuja kutusimulia.

Mzungu akatoka kwenda kuchukua barua zake. Tukabaki na yule dresa mzee, Mhehe mwenye kofia ya sufu, ambaye ndiye aliyekusanya za Iringa.

"Kamwene," akanisalimu. "Ndiye wewe fundi saa wa Mbeya? Nasikia una saa tatu mkononi."

"Mbili tu, mzee."

"Mimi sina hata moja. Ninaangalia kivuli cha nguzo ile." Akaonyesha dirishani. "Lakini kazi hii rahisi. Kumi na mbili kidonge, saa mbili mkojo, saa nne mkojo, saa sita mkojo. Mchana nimekwisha, nakwenda zangu kunywa ulanzi."

"Mchana unaanza, mzee," nikamsahihisha. "Saa mbili ni saa nane."

"Saa mbili ni nini?"

"Saa mbili ya Mzungu ni saa nane yetu."

Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Mwanangu. Pale pameandikwa kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Basi saa mbili ya Kiswahili ni ya saa ngapi?"

Nikaketi juu ya kasha la chupa. Kwenye chupa palikuwa na 2. Mzungu alisoma 2, akaamini ni saa mbili baada ya kidonge. Kumbe zangu zilitoka saa nane baada ya kidonge. Ile ya 6 ilitoka saa kumi na mbili baadaye! Bila shaka dawa imekwisha. Hata angekuwa nani, ingekuwa imekwisha. Miili ya Mbeya haikuwa na ajabu yoyote. Ajabu ilikuwa mimi.

Halafu ndipo ikanijia nambari saba. Za dada yangu zilikataa kufuata wenzake. Hazikuwa na uchafu! Mpaka jioni ile, saa kumi na mbili nzima tangu alfajiri, dawa ilikuwa bado imo mwilini mwake, imejaa, haitoki. Na keshokutwa alfajiri watamwongezea.

"Mzee," nikasema, "nimeua."

"Hujaua bado. Leo Jumamosi."

Sitaficha: nilifikiri kunyamaza. Nani angejua? Dresa angesema, mimi ningekataa, na neno langu la saa mbili mkononi lingeshinda neno lake la kivuli. Barua ingekwenda Ulaya. Ningebaki fundi aliyegundua jambo. Niliyafikiri hayo kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu hivi, huku naona miguu ya dada yangu nje ya blanketi. Mzungu akaingia na barua zake, anapiga mluzi.

"Bwana," nikasema, "saa mbili yako ilikuwa asubuhi?"

"Asubuhi, ndiyo. Kidonge alfajiri, saa mbili, saa nne, saa sita. Kwa nini?"

"Mimi nilikwenda saa nane mchana."

Mluzi ukakatika.

"Na ile ya nne?"

"Saa kumi."

"Kwa nini?" Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Kwa nini, fundi? Niliandika kwa Kiswahili."

"Kwa sababu najua saa za Kizungu, bwana. Nilijua mno."

Akaketi. Akaweka barua mezani moja moja, akazipanga. Masikio yalikuwa yamewiva. "Mimi," akasema taratibu, "nilijifunza melini wiki tatu, kwamba watu wa hapa wanahesabu kuanzia jua. Nikafurahi sana. Nikaandika kama ninyi." Akanitazama. "Wewe ukahama kuja kwangu, mimi nikahama kuja kwako. Tumepishana njiani."

Dresa akaangua kicheko, akajiziba mdomo, lakini kilikuwa kimeshatoka. Mzungu naye akaanza, kidogo, halafu zaidi, mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka.

"Bwana, nifukuze baadaye. Nambari saba ni dada yangu. Miguu yake inawaka tangu aanze vidonge, na Jumatatu anapewa viwili."

Pale kicheko kiliisha kwa kila mtu. Alinyanyuka, akarudisha zile chupa zangu mezani, akatafuta kwenye daftari lake namba alizokuwa amezikata za nambari saba. Akaisoma ya saa kumi na mbili. Akaisoma tena. "Imo," akasema. "Yote bado imo." Akachukua ufunguo wa Landrova.

Petroli ilipatikana usiku, kwa hiyo tulirudi Mbeya Jumapili, tumeondoka jua linachomoza. Igawa mama wa chai aliniuliza ugunduzi unaendeleaje. Nikamwambia umeharibika gurudumu. Hatukumaliza hata kikombe. Saa kumi jioni, ya Kiswahili, tulikuwa mlangoni mwa daktari wa wodi, na Mzungu akaingia kabla ya kubisha. Jumatatu alfajiri nilisimama pale kitandani kwa dada yangu kuhakikisha. Kidonge kimoja. Na Jumatano, kisicho kizima: nusu, kwa yeye peke yake, mpaka ijulikane.

Kazi tukaianza upya, Mbeya na Iringa, tangu asubuhi mpaka jioni na alfajiri ya pili. Hakunifukuza, maana nani mwingine angekwenda kwa dakika? Safari hii nami nikameza kidonge, nikawa nambari kumi na moja, nikajaza chupa zangu mwenyewe na wazee wakanicheka kwa zamu yao. Nikazipeleka Iringa, na siku zile tatu za kungoja rangi sikulala vizuri kwa hamu.

Na hapo ndipo lilipotokea la kweli, kubwa kuliko lile la uongo. Hapakuwa na watu wa Mbeya wala watu wa Iringa! Mbeya palikuwa na wa haraka na wa polepole, na Iringa vivyo hivyo, wamechanganyika kitanda kwa kitanda. Mmoja dawa inamwishia mchana, jirani yake inalala naye mpaka kesho. Mkojo wangu wa jioni ulikuwa karibu maji matupu. Wa dada yangu, njano kama maua ya alizeti. Tumenyonya ziwa moja! Mzungu aliviinua virija viwili kwenye mwanga wa dirisha, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, akasema hajaona kitu kizuri hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo saa mbovu haikuwapo. Kila mwili una ufunguo wake na mwendo wake, na fundi anayetaka kuwapa wote kipimo kimoja hajui kazi. Maneno hayo ni yangu, na Mzungu aliyaandika kwenye daftari.

Nusu kidonge na sindano zake vilitosha kumponya dada. Moto wa miguu ulipungua wiki baada ya wiki, ukaanzia vifundoni kushuka, ukaisha vidoleni mwisho. Siku aliyotoka wodini alikuja sokoni kwa miguu yake, amevaa viatu, na kila baada ya hatua chache alikuwa akivitazama. Akasimama mbele ya meza yangu, mbele ya fundi cherehani na muuza nyanya na Mhindi mwenye baraza.

"Wewe fundi," akasema kwa sauti. "Saa ngapi sasa?"

Nikatazama mkono wa kushoto, nikatazama wa kulia. Watu walikuwa wanangoja.

"Ya kwetu au ya Wazungu?" nikauliza.

"Ya miguu yangu."

Nikanyanyuka, nikampa kigoda changu. Akakataa. Akasema amekaa kitandani vya kutosha, anataka kusimama.